Mwalimu wa Jina la Kuazima

Mimi Nicodemus nimewasifu walimu wa eneo letu kwa miaka kumi na mmoja, na kazi hiyo naijua. Tangu nilipostaafu kama mwalimu mkuu wa shule ya msingi, nimekuwa nikitoa karatasi ya kurasa nne iitwayo Habari za Chaki. Hutoka kila muhula, na toleo nene hutoka mwezi wa Machi, wakati wa Siku ya Elimu. Humo utasoma nani amepandishwa cheo, nani amemaliza shahada chuoni Rongo, nani ametoa A ngapi katika somo gani, nani amejaliwa mapacha. Nina mhuri wa kamati ya Siku ya Elimu. Nikipita sokoni watu huniita Jaduong' Habari, mzee wa habari. Nilipenda mno kuitwa hivyo, na nalisema mapema ili mtu asinitafutie sababu yenye heshima zaidi kwa nilichokuja kufanya.

Nataka kueleza habari za Scovia Boke, ambaye kwa miaka saba nilimsifu bila kumtaja.

Scovia ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari ya kutwa ya Got Nyasoro, juu ya kilima nje kidogo ya Rongo. Ni Mkuria wa mpakani, binti wa Matiko, mfanyabiashara wa ng'ombe. Alikua akisikiliza redio za Tanzania, na alipofika kwetu wanafunzi walimcheka kwa sababu alisema "naomba" kabla ya kupokea hata chaki. Sisi huku husema "lete". Aliolewa na seremala wa Rongo, mtu mpole aliyefariki kwa ajali ya bodaboda na kumwachia wasichana wawili. Hakurudi kwao. Alikuwa amesomea ualimu na kusajiliwa, ila ajira ya Tume ya walimu, yaani ya serikali, haikumpata. Kila nafasi zilipotangazwa alitoka wa tatu au wa nne. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Akawa mwalimu wa bodi, yaani yule anayelipwa na bodi ya shule kutoka kwenye michango ya wazazi. Shule zikifungwa, na mshahara wake unafungwa.

Wakati huo Kiswahili cha Got Nyasoro kilikuwa kilio. Mwalimu wa somo hilo kwa makaratasi alikuwa Mayaka, Mkisii mrefu mwenye sauti nzuri, aliyesomea Kiswahili na Historia na kukichukia Kiswahili. Mwalimu mkuu, Madam Pauline, alifanya jambo la busara. Alimpa Mayaka Historia yote, akampa Scovia Kiswahili cha kidato cha nne.

Scovia alianza kwa jambo ambalo wengi waliliona mchezo. Kila Jumatatu mwanafunzi alitakiwa kuja na kitu cha nyumbani kwao ambacho alikijua kwa lugha yetu ya Dholuo tu, akitafutie jina la Kiswahili, kisha akiandikie aya moja. Walileta ungo, upawa, kata ya kuwekea mtungi kichwani. "Mtoto anaandika kurasa tatu kuhusu ufisadi wa viongozi," aliniambia, "lakini hajui jina la kitu ambacho mamake anapepetea mahindi." Mwaka wa kwanza wastani ulipanda kutoka D hadi C. Mwaka wa pili walitoa A tatu. Shule ya kutwa, ndugu yangu, ya watoto wanaokuja pekupeku! A tatu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana A zikitoka lazima mtu apongezwe. Fomu ya kamati ina nafasi ya jina la mwalimu wa somo, na kanuni tuliyojiwekea wenyewe, kwa kuwa zawadi hutoka kwenye makato ya walimu walioajiriwa, inataka jina la mwalimu wa Tume. Ukijaza la mwalimu wa bodi, mstari wote unafutwa na shule inaonekana haikupata kitu. Tena mwalimu mkuu ataulizwa kwa nini darasa la mtihani liko mikononi mwa mtu wa bodi. Basi walimu wakuu wetu walibuni dawa, wakaiita kuazima jina. Wa Tume humwazima mwenzake wa bodi jina lake, hupanda jukwaani, hupokea zawadi, kisha humkabidhi mwenyewe nyuma ya madarasa. Shule kumi na moja zilifanya hivyo, nami nilizijua zote. Tuliona ni wema.

Mayaka hakuwa mtu mbaya. Siku ya Elimu jina lake liliposomwa walimu walimwinua begani, kina mama wakapiga vigelegele, akazungushwa uwanja mara mbili. Desturi yetu Wajaluo ni kwamba anayesifiwa naye hujisifu, tunaita pakruok, na Mayaka, Mkisii wa watu, alijisifu kama mtu anayesoma bili ya stima. Tulicheka hadi machozi. Kisha akashuka, akazunguka nyuma ya maabara, akampa Scovia blanketi na kamba ya mbuzi.

"Madam, mzigo wako huu," alimwambia. "Mimi ni punda tu."

Scovia alicheka. Mimi nilikuwepo, nikacheka pia. Nikaenda nyumbani nikaandika: Mwalimu Mayaka, nguzo ya Kiswahili Got Nyasoro, ametupa raha. Mwaka uliofuata nikaandika hivyo hivyo, na mwingine, hadi miaka saba, nikibadilisha neno moja moja.

Karatasi yangu hupigwa chapa dukani kwa Kaltum, mjini Rongo. Ni mama wa Kisomali aliyezaliwa Garissa, mwenye jicho kali na mdomo usiokopesha. Siku moja alikuwa akipanga nakala, akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Mzee, huyu Mayaka mbona hajawahi kuja kununua gazeti lake hata siku moja? Anayekuja ni yule mama Mkuria. Anachukua mbili. Moja anasema ni ya mama yake."

"Ni wa shule hiyo hiyo," nikamjibu.

"Mama yake anajua kusoma?"

"Nitajuaje mimi?"

"Kama anajua, anatafuta jina gani humo ndani?"

Nilimwambia aangalie mashine yake, karatasi zinakwama. Hazikuwa zinakwama.

Ikafika Desemba ya mwaka wa saba. Mayaka alipandishwa cheo, akawa naibu mwalimu mkuu katika shule moja upande wa Asumbi. Kwenye usaili alipeleka vyeti saba vya Siku ya Elimu na nakala saba za Habari za Chaki. Aliniambia mwenyewe kwa simu, akinishukuru. Nafasi yake ya Kiswahili na Historia ikatangazwa pale pale Got Nyasoro, na sote tukasema, sasa Mungu amemkumbuka mjane. Scovia alikuwa na miaka arobaini na minne. Tume huajiri walio chini ya arobaini na mitano, na yeye angeitimiza tarehe tisa Machi. Asipoipata hii, hakukuwa na nyingine tena maishani mwake.

Usaili ulifanyika Jumanne moja ya mwisho wa Januari, katika ofisi ya Madam Pauline. Walioketi mezani walikuwa Madam Pauline mwenyewe, mwenyekiti wa bodi, na afisa wa elimu aliyehamia eneo letu mwezi huo huo. Waliobaki mwishoni walikuwa wawili, alama zao sawa: Scovia, na kijana Bravin wa miaka ishirini na sita, aliyekuwa mmojawapo wa zile A tatu za kwanza. Mwalimu na mwanafunzi wake wakagombea kiti kimoja. Kilichobaki ni alama za uzoefu, na hizo zilikuwa za Scovia bila shaka yoyote.

Afisa akafungua bahasha, akatoa nakala za Habari za Chaki.

"Madam, wewe umesema umefundisha kidato cha nne hapa miaka yote hii," akasema. "Lakini hii karatasi ya kwenu kila mwaka inasema ni Mayaka. Sasa mimi niamini gani?"

Scovia akamtazama Madam Pauline. Madam Pauline akatazama faili yake. Mwenyekiti wa bodi, ambaye binti yake alitoa B+ kwa mkono wa Scovia, akakohoa. Chumba kizima kilijua ukweli isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa akiuliza. Madam Pauline ndiye aliyejaza zile fomu. Angefungua mdomo, angekuwa amekiri uongo wa miaka saba mbele ya mkubwa wake. Afisa hakuwa mkatili. Alisema uamuzi utangoja hadi Ijumaa saa sita. Kama aliyeandika karatasi hiyo atathibitisha kwa maandishi na mhuri kwamba mwalimu wa darasa lile alikuwa Scovia, alama ni zake na kazi ni yake.

Aliyeandika karatasi hiyo ni mimi.

Scovia alikuja kwangu Jumatano mchana, kwa miguu, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo, mzee wangu. Sikuja kulalamika. Naomba barua tu. Andika kilichotokea, hata usiseme ni kosa la nani."

"Marahaba, binti yangu. Nitaandika. Njoo kesho mchana."

Ningeweza kuiandika pale pale. Kalamu ilikuwa mfukoni na karatasi ziko mezani. Alikunywa chai, akanieleza kwamba binti yake mkubwa ameanza kusomea uuguzi, akaenda zake.

Hata kikombe chake hakijaoshwa, Mayaka akapiga simu.

"Mzee, nimesikia. Tafadhali usinimalize. Hiyo barua ikiingia kwa file, wataniuliza nilipandishwa cheo kwa vyeti vya nani. Mimi niko na watoto watatu. Na si nilikuwa nampatia kila kitu? Hata ile mbuzi?"

"Mbuzi ulimpa," nikasema. "Cheo hukumpa."

"Sasa cheo inagawanywa aje, mzee?"

Nikakata simu. Asubuhi ya Alhamisi akaja Madam Pauline. Hakuketi.

"Jaduong', hii kitu si ya Scovia peke yake. Ni shule kumi na moja. Wakianza kuchimba wataanza na wewe, juu wewe ndio uliandika. Kamati itakunyang'anya hiyo karatasi na mhuri wao. Andika kitu ya kumsaidia Scovia, lakini isiumize mtu."

Ningependa kusema nilifikiria zile shule kumi na moja na walimu wake. Nilifikiria sokoni. Nilifikiria kupita pale na watu waniite Nicodemus tu, mzee mwingine asiye na kazi, anayenunua nyanya tatu. Basi nikaandika: Hii ni kuthibitisha kwamba Bi. Scovia Boke amekuwa akisaidia kufundisha Kiswahili Got Nyasoro kwa bidii na uaminifu mkubwa. Tunamtakia kila la heri. Nikapiga mhuri. Ulikuwa woga mtupu, na sitautafutia jina lingine.

Scovia aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari, kama anavyosahihisha insha.

"Kusaidia," akasema.

"Scovia, jambo hili lina watu wengi ndani yake."

"Nilimsaidia nani, mzee?"

Nikamwonyesha kiti.

"Mayaka hakuwahi kuingia darasa lile kwenye kipindi changu, hata kuomba chaki. Niambie nilikuwa namsaidia nani."

Nilimwambia kwamba barua ni nzuri, inamsifu. Ningependa angenitukana. "Inanisifu sana," akasema. Akaikunja mara mbili, akaitia mkobani, kwa kuwa hakuwa na nyingine ya kupeleka.

Ijumaa afisa alimpa alama za mwalimu msaidizi. Sina ugomvi naye. Alipima kwa karatasi aliyopewa. Kazi akaipata Bravin. Tarehe tisa Machi ilifika na kupita. Kaltum aliniambia kwamba siku hiyo Scovia alikuwa dukani akitoa nakala za zoezi la kidato cha nne, akalipa, akaondoka. Karatasi yangu ilikuwa imepangwa pale mezani, hakuigusa.

Mtu atauliza kwa nini hakuacha kazi. Angekwenda wapi? Binti mmoja yuko chuoni, mwingine yuko kidato cha tatu, na kule mpakani kaka zake walishagawana shamba la baba. Bravin alipewa kidato cha kwanza na cha pili pamoja na Historia. Kidato cha nne kikabaki kwa Scovia, kwa sababu Madam Pauline si mjinga. Mwaka ule alifundisha kama kawaida, Jumatatu zake zikaendelea, na Januari mwaka huu matokeo yakatoka: A tano. Got Nyasoro ikaongoza Kiswahili eneo zima, ikazipita shule za bweni.

Fomu ikaletwa kwangu. Kwenye mstari wa Kiswahili palikuwa na jina la Bravin.

Kijana mwenyewe alinifuata nyumbani, macho mekundu. Alisema amekataa, na Madam Pauline amemkumbusha kwamba bado yuko kwenye majaribio, kwamba akikataa mstari utafutwa na watoto wataonekana hawakufanya kitu.

"Mzee, mimi siwezi," akasema. "Huyo ni madam wangu. Aki nitamwangalia aje?"

"Yeye amesemaje?"

"Amesema nipande. Anasema watoto wametoa jasho, wasinyimwe siku yao."

Nikamwambia basi panda.

Siku ya Elimu ilijaa watu kuliko mwaka wowote. Nilikuwa meza kuu, kipaza sauti mbele yangu, kwa kuwa mimi husoma orodha ya washindi. Nilisoma jina la Bravin. Walimu wakambeba, akazungushwa, akashushwa jukwaani ajisifu. Akashika kipaza sauti.

"Mimi sina ya kujisifu," akasema. "Hizi A si zangu. Ni za Madam Scovia. Yeye ndio alifundisha hawa watoto. Mimi sikuingia hiyo darasa hata siku moja."

Madam Pauline alishika ukingo wa meza. Ukweli wote ulikuwa umesemwa, kwa sauti, mbele ya watu wasiopungua elfu moja na mbele ya afisa wa elimu, na aliyeusema ni mtoto ambaye ndiyo kwanza ameshika kazi. Sijui nilikuwa natamani nini. Nadhani nilitamani tukamatwe.

Mshereheshaji, mtu mzoefu wa harusi na matanga, akamnyang'anya kipaza sauti.

"Mmesikia adabu hiyo?" akapaza. "Kijana hajisahau! Amepata A tano, lakini bado anamkumbuka mwalimu aliyemfundisha yeye! Vijana wangapi wa siku hizi wako hivyo?"

Vigelegele vikapasuka upande wa kina mama. Bravin alisema, "Hapana, si hivyo, namaanisha kweli," lakini kipaza sauti hakikuwa tena mkononi mwake, na walimu walikuwa wameshamwinua mara ya pili. Afisa wa elimu alikuwa akipiga makofi na kutikisa kichwa kwa furaha. "Unyenyekevu," aliniambia sikioni. "Hii uandike, mzee." Mzee mmoja nyuma yangu alisema mtoto huyu amelelewa. Na mshereheshaji akawa anauliza huyo Madam Scovia yuko wapi, asimame tumwone.

Scovia alisimama. Alikuwa nje ya hema, juani, karibu na kreti za soda, pamoja na walimu wengine wa bodi. Watu walimpigia makofi mazuri, ya kumpongeza mama aliyemlea mtoto wa watu vizuri. Hakumtazama Bravin wala Madam Pauline. Alinitazama mimi. Kipaza sauti changu kilikuwa kimewashwa. Ilihitajika sentensi moja tu, na mimi ndiye niliyekuwa na karatasi, na umri wa kuaminiwa. Nilifungua mdomo nikasoma mshindi wa Kemia.

Nilipomaliza orodha, mshereheshaji alimshukuru Scovia tena, akamwomba, kwa kuwa alikuwa amesimama, awapitishie wageni soda. Akachukua kreti. Alianza na afisa wa elimu, akaja kwa Madam Pauline, akafika kwangu.

"Baridi ama moto, mzee wangu?" akaniuliza.

Nikasema baridi. Akanifungulia.